Nani Atakaa Nyuma ya Pikipiki

Papa Eugène Nshimiyimana aliuza dume lake la ng'ombe, Bihogo, siku ya Jumanne, na kufikia Jumatano jioni kilima kizima cha Nyamwero kilikuwa kimejua kwamba anataka pikipiki. Huko juu habari haihitaji simu. Unaiachia mlangoni tu, inajiendea yenyewe mpaka kisimani, na ikirudi kwako imeshanenepa.

Alikuwa na miaka arobaini na minane, mkulima wa viazi na maharagwe, mrefu kuliko wanaume wote wa kilima, mkristo asiyekosa ibada ya Jumapili, na mwenye hasira za karibu. Hasira zake hazikai, kweli, zinapita upesi kama mvua ya mchana. Lakini mvua ikipita inaacha tope, na kwa miaka ishirini na minne aliyekuwa akisafisha tope hilo ni mke wake Émilienne. Mama huyo hasemi sana. Anafanya, kisha anakaa kimya.

Na tangu ujana wake Eugène alikuwa mbebaji wa kipoyi. Hapa lazima nieleze kidogo, maana bila kipoyi hakuna hadithi. Gari la wagonjwa haliwezi kupanda Nyamwero. Mgonjwa asiyeweza kutembea analazwa kwenye kitanda cha mianzi chenye miti miwili mirefu, hicho ndicho kipoyi, na wanaume wanne wanakiinua mabegani na kushuka nacho mpaka hospitali ya Masisi, wengine wakifuata ili wapokezane. Ni saa tatu za njia kukiwa kukavu, na mvua ikinyesha ni saa ambazo Mungu atapenda. Kila nyumba inatoa bega moja. Pembe la ng'ombe likilia mara mbili, unaacha jembe pale pale lilipo na kukimbia.

Kila mbebaji ana ngata yake, kile kiduara cha kitambaa kilichosokotwa, chenye majani ya mgomba ndani, cha kuzuia mti usile nyama ya bega. Ngata hizo hazikai nyumbani. Zinafungwa kwenye kipoyi chenyewe, kwa Papa Hakorimana, mkubwa wa wabebaji. Ngata yako ikiwa pale, wewe ni mtu wa kipoyi hata kama uko Goma unakula samaki. Ukiichukua ukaenda nayo kwako, umetoka, na nyumba yako imetoka nawe. Hakuna karatasi wala muhuri.

Basi watu walipomuuliza Eugène anataka pikipiki ya nini, alijibu, "Ya viazi. Nitapeleka viazi mpaka Walikale, kule mu pori hawana viazi, na nitarudi na mawese." Jibu zuri, la mtu mwenye akili. Tatizo lake ni moja tu, kwamba halikuwa la kweli.

Ukweli ulikuwa umelala chumba cha pili cha nyumba yake, ukiwa na mimba ya miezi saba. Binti yake Muhawenimana, ambaye wote walimwita Muhawe, alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, kwa kuwa mumewe Trésor alikuwa na kazi kwenye mgodi wa Bisie na hangeweza kumtunza kule. Mwaka uliotangulia Muhawe alikuwa na mimba ya kwanza. Ikamgeukia ghafla, pembe likalia, wakamlaza kwenye kipoyi. Eugène alikuwa mbele kushoto, mahali pake pa siku zote. Kwenye mteremko, mbebaji mrefu ndiye anayetakiwa mbele, ili kitanda kisiinamie chini. Kwa hiyo binti yake alikuwa nyuma ya kisogo chake na hakumwona. Alimsikia tu akiugua. Walipofika kwenye daraja la miti hakumsikia tena, akafikiri amepata nafuu, akamshukuru Mungu moyoni. Muhawe alipona. Mtoto hakuiona dunia hii.

Tangu siku hiyo Eugène alikichukia kipoyi. Alikichukia kwa polepole yake, kwa yale "shusheni kidogo, tubadilishe bega", kwa namna wanaume wanavyotafuta pa kuweka mguu. Na sasa Émilienne alikuwa amerudi na binti kutoka kupimwa hospitalini, akasema neno moja tu wakati wa kula: "Muganga amesema safari hii asichelewe kufika hospitali." Eugène akaacha kutafuna. Kesho yake alianza kumtafutia Bihogo mnunuzi.

Utauliza kwa nini hakusema. Eh, unauliza kama mgeni. Kwetu mtoto ambaye hajazaliwa hatayarishiwi kitu. Huko juu hununui kitambaa, hutafuti jina, husemi "mtoto akija". Kwa mwanamke aliyepoteza wa kwanza, ndiyo kabisa. Na baba hamuulizi binti yake habari za tumbo. Anaona tu gauni linapanda mbele, na anatazama pembeni. Eugène alijiona mwerevu: atanunua pikipiki ya viazi, na siku ikifika itakuwa pale mlangoni, kama kwa bahati. Mficha uchi hazai, wazee walisema, lakini nani alikumbuka?

Jumapili baada ya ibada wabebaji walikaa nje ya kanisa kama kawaida yao. Hakorimana alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye mzaha usiochagua mahali. Akamwona Eugène anakuja, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mupishe, mupishe, tajiri wa Walikale anapita. Sisi tutabaki na mabega yetu, yeye atatupulizia vumbi."

Watu wakacheka. Ilikuwa mzaha tu, wa kawaida, na siku nyingine Eugène angejibu kwa mzaha mkubwa zaidi. Lakini maneno "mabega yetu" yalimkuta mahali pabaya. Alikumbuka lile daraja na ule ukimya.

"Mabega yenu yanafika wakati muntu amekwisha kufa," alisema.

Kicheko kikakatika. Hakorimana akamtazama. "Papa Muhawe, unasema nini? Wewe ulikuwa mbele."

"Njo maana nasema. Mi na nyumba yangu tutashuka na magurudumu." Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Hakorimana, kipoyi kilipokuwa kimeegemezwa ukutani, akafungua ngata yake, akaondoka nayo. Alipofika nyumbani aliitupa juu kwenye boriti za jikoni, kwenye moshi, na hakumwambia mke wake kitu. Émilienne alikuwa anakoroga ugali. Alitazama boriti, akatazama mgongo wa mumewe uliokuwa unatoka, akaendelea kukoroga.

Alhamisi Eugène alishuka Masisi-centre, kwenye duka la Kahambu.

Kahambu alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Butembo, mkatoliki mwenye rozari iliyoning'inia kwenye mizani, aliyeanza na chumvi na sabuni na sasa alikuwa na pikipiki sita zimesimama kwenye ua. Sifa yake ilijulikana: Kahambu hauzi, anahoji. Wengine walisema ni kiburi cha Wanande, watu wa huko kwao. Yeye mwenyewe alisema amechoka kuona pikipiki zake zinarudi kwenye ua wake vipande vipande, na mnunuzi anafuata kwa magongo.

Eugène hakuwa amewahi kununua mashine. Alikuwa amenunua ng'ombe. Kwa hiyo alifanya alivyojua: akaizunguka ile nyekundu mara mbili bila kuigusa, kisha akaibonyeza ubavuni, akainua tairi la mbele kidogo kama anayepima kwato, akainama kunusa.

"Ilizaliwa wapi?" akauliza.

"Ku India, Papa," alisema Kahambu. "Mama yake sikumujua."

"Na kwa nini unaiuza?"

"Juu niko na duka." Alitoka nyuma ya meza, akasimama karibu naye. Alianza kumpenda mzee huyu mrefu. "Papa, unajua kuendesha?"

"Nitajifunza."

"Ku Nyamwero? Kule muntu anajifunza mara moja tu. Esansi ya kuitia utatoa wapi?"

"Wanauza mu machupa."

"Wanauza maji yenye harufu ya esansi. Na fundi? Mnyororo ikikatika kwa kilima, utaivuta mpaka hapa? Ile daraja yenu iko na miti mingapi?"

"Mbili."

"Piki inapita juu ya moja. Ile moja ikiwa na mvua, utafanya nini?"

Kahambu aliita vijana wake wa duka, wakafunga magunia mawili ya maharagwe kwenye kiti cha nyuma. "Panda," alimwambia. "Usiwashe. Simama nayo tu. Vizuri. Sasa inua muguu moja, kama vile uko kwa mutelemuko unatafuta frene ya kuisimamisha." Eugène akainua mguu, na pikipiki, na maharagwe, na baba mzima wa miaka arobaini na minane, wakalala pamoja kwenye ua, polepole, kama ng'ombe anayejilaza kucheua. Akina mama wawili waliokuja kununua chumvi walitazama pembeni kwa adabu, mabega yao yakitetemeka.

Angeweza kukasirika. Kwa kweli alikuwa ameshaanza. Lakini Kahambu hakucheka. Alimpa kitambaa ajifute mkono, akamletea kigoda.

"Papa," alisema, "muntu wa viazi, kitu cha kwanza anaulizaka ni gunia ngapi. Wewe hujaniuliza gunia hata mara moja. Saa hii yote uko unabonyeza kiti, kama iko laini. Sasa niambie. Nani atakaa nyuma?"

Eugène alitazama mikono yake. Ni ajabu namna mtu anavyoweza kumficha mke wake, kanisa lake na kilima chake jambo moja, kisha akalitoa mbele ya mtu ambaye hata ukoo wake haujui. Labda ni kwa sababu hiyo hasa. Alimweleza yote: binti yake, mwaka jana, daraja, ule ukimya. Alieleza taratibu, bila kuinua macho.

Kahambu alisikiliza mpaka mwisho. "Na muganga alisema nini?"

"Asichelewe."

"Alisema asichelewe, ao alisema asitikisike? Ni maneno mbili."

"Sijui."

"Hukuuliza."

"Ni mambo ya wanawake, Mama."

"Mm." Kahambu aliinuka, akaanza kufungua kamba za maharagwe yeye mwenyewe. "Mi naona wamama wenye mimba wanapita hapa juu ya piki kila siku, na wanafika, na wanazaa. Na kuko wale ambao piki ndiyo inawaua. Mi niko muuza piki, siko muganga. Lakini sitakuuzia leo. Rudi uulize bibi yako. Piki itakungojea."

Sijawahi kusikia mfanyabiashara mwingine aliyemfukuza mteja mwenye pesa taslimu mfukoni. Eugène alipanda kilima na fedha ya Bihogo ikimgonga pajani kila hatua, na njia nzima aligombana na Kahambu kichwani, na njia nzima Kahambu alimshinda.

Jua lilikuwa bado halijazama alipoingia jikoni. Émilienne alikuwa anachambua maharagwe.

"Mama Muhawe," alisema, akiwa bado amesimama. "Muganga alisema nini kwa hakika?"

Émilienne aliinua uso. Katika miaka ishirini na minne hakuwa ameulizwa swali hilo. "Kwa nini unauliza?"

"Juu ya piki."

Émilienne akaweka ungo chini. "Piki ni ya Muhawe?"

"Ya nani tena?"

"Ulisema ni ya viazi."

"Ulitaka niseme nini? Mutoto hajazaliwa."

Basi Émilienne alimweleza, kwa maneno machache, kama kawaida yake. Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa mtoto. Muganga amesema Muhawe asibebe kitu na asitikiswe. Wiki ijayo watamshusha polepole, akae kwa dada wa kanisa karibu na hospitali, angoje siku yake pale. Na damu ikionekana kabla ya hapo, alazwe chali, asiketi, abebwe kama maziwa kwenye kibuyu kisichokuwa na kifuniko. Akiketishwa kwenye kitu kinachorukaruka, damu itamwagika yote njiani, na hakuna hospitali itakayoirudisha.

Eugène alikaa chini, pale pale kwenye kuni. Aliogopa. Sitazunguka maneno: aliogopa kweli kweli. Alijiona siku ile amewasha mashine yake nyekundu mlangoni, amejaa furaha, anamwambia binti yake panda, nishike kiunoni. Angemuua kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa haraka, tena kwa upendo. Kitu pekee duniani kilichoweza kumshusha binti huyo akiwa mzima kilikuwa kimeegemea ukuta wa Hakorimana, na yeye alikuwa ameondoa bega lake kwacho.

"Enda kwa Hakorimana leo," alisema Émilienne.

"Jumapili," alisema Eugène. "Nitamwomba mbele ya wote, vile nilimutukana mbele ya wote. Nitapeleka ngata na kibuyu cha kasiksi, tunywe wote." Alikuwa na haki kidogo, na kiburi kingi. Lakini tumbo la mwanamke halina kalenda ya kanisa.

Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado kwenye viazi, alisikia Émilienne akimwita kwa jina lake, Eugène, si Papa Muhawe, na akajua. Alikimbilia jikoni, akapeleka mkono juu ya boriti. Ngata haikuwepo. Alipapasa boriti nzima, masizi yakimwingia machoni, akapapasa ya pili.

"Acha ngata," alisema Émilienne nyuma yake. "Kimbia."

Alikimbia. Hakorimana alikuwa kwenye mlango wake anaosha uso. Eugène alifika akihema, na maneno yote ya Jumapili aliyokuwa ameyapanga yakapotea njiani. "Muhawe," alisema. "Damu. Nakuomba."

Hakorimana alishusha pembe ukutani na kulipuliza mara mbili.

Wanaume walikuja. Walikuja kutoka kwenye mashamba, mmoja na sabuni bado kichwani, mwingine akiwa ameacha ng'ombe nusu amekamuliwa. Walikuwa kumi na wawili. Eugène aliwahesabu kwa sababu alikuwa na hakika hawatakuja, na kila mmoja aliyetokea kwenye kona alimchoma. Hakuna aliyemsalimu kwa uchungu, na hakuna aliyemsalimu kwa uzuri. Walimlaza Muhawe chali kama Émilienne alivyoagiza, blanketi mbili chini, kichwa upande wa nyuma. Kisha Eugène akaenda mbele kushoto na kuinama kushika mti.

"Ngata yako iko wapi?" Hakorimana akauliza.

"Sijui. Niliitupa nyumbani, haiko."

"Basi pita nyuma."

Hivyo ndivyo kanuni ilivyo, na Eugène mwenyewe aliwahi kuitetea. Asiye na ngata habebi. Akapita nyuma, bega tupu, mikono haina kazi. Émilienne alitembea kando na bunda la vitambaa. Kipoyi kikaondoka.

Na hapo ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka yote ya ubebaji. Aliuona uso. Mbebaji wa mbele anaona njia, mawe na vidole vya miguu yake, hamwoni mgonjwa hata siku moja. Sasa uso wa binti yake ulikuwa hatua moja mbele yake, umegeukia mbingu, midomo imekauka.

"Papa, uko hapo?" aliuliza Muhawe.

"Niko."

"Mwaka jana nilikuita. Haukunisikia."

Lo. Alitembea na neno hilo mpaka lilipotua. "Nilikuwa mbele," alisema baadaye. "Nilifikiri umelala. Unisamehe, mwanangu."

"Ongea tu," alisema. "Ukiongea sitalala."

Basi Eugène akaongea. Yeye asiyejua kuongea na binti yake mambo ya tumbo aliongea mambo ya Kahambu, ya pikipiki iliyozaliwa India na mama yake hajulikani, ya namna alivyolala na maharagwe kwenye ua mbele ya wateja wa chumvi. Muhawe alicheka kidogo, akajizuia kwa sababu ya maumivu. Kijana aliyebeba nyuma kulia alicheka kabisa. Na wale wa mbele walikwenda polepole, ile polepole aliyoichukia, kila mguu ukitafuta mahali pake, kitanda kikienda mbele bila kuruka hata kidogo. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba polepole ile ilikuwa kazi.

Kabla ya daraja la miti Hakorimana alisema, "Shusheni, tubadilishe." Walishusha bila kutikisa. Émilienne akainama kumtazama binti yake, akasema damu haijaongezeka. Hakorimana akanyoosha mgongo, akamjia Eugène, na hapo Eugène akaona kwamba begani mwake kulikuwa na ngata mbili, moja juu ya nyingine. Akatoa ya chini. Ilikuwa imeshika masizi ya boriti.

"Mama Muhawe aliileta Jumapili ile ile," alisema Hakorimana. "Jua halikuzama. Akasema mume wake ameisahau mahali fulani, tuifunge na zingine."

Eugène alimtazama mke wake. Émilienne alikuwa anakunja kitambaa ambacho kilikuwa tayari kimekunjwa.

"Kwa hiyo sikutoka," alisema Eugène.

"Hukutoka hata usiku moja."

"Sasa mbona hukunipa kule juu?"

Hakorimana alifuta jasho. Safari hii hakukuwa na mzaha usoni pake. "Juu ya lile neno. Mi pia nilikuwa chini ya kile kipoyi mwaka jana, kaka. Mi pia nilifikiri amelala. Uliniuma sana. Nikasema, atembee kidogo bila kitu kwa bega, asikie vile sisi tulisikia. Sasa imetosha. Shika. Enda mbele."

Eugène aliipokea ngata, akaiweka begani. Iliingia pale pale ilipozoea. Lakini hakwenda mbele. "Nitabeba nyuma," alisema.

"Wewe murefu hivyo? Utatuinamisha, Muhawe atateleza."

"Nitakunja magoti."

"Mpaka Masisi?"

"Mpaka Masisi."

Na alikunja. Walivuka daraja hatua kwa hatua, miti ikilia chini yao, na upande wa pili mteremko ukaanza, na yule baba mrefu akaushuka wote amechuchumaa nusu, kama anayenyemelea kuku, mapaja yakiwaka moto, macho yake yakiwa juu ya uso wa binti yake, akiongea. Wenzake walitaka kumpokea mara mbili. Alikataa mara mbili. Walipoingia kwenye uwanja wa hospitali hakuweza kunyooka, na waganga wawili wakamkimbilia yeye kwanza, wakidhani ndiye mgonjwa.

Walimfanyia Muhawe upasuaji kabla ya saa sita. Mtoto alikuwa msichana, mdogo sana, mwenye sauti isiyolingana na mwili wake. Émilienne alitoka kuwaambia. Wabebaji walikuwa wamekaa kwenye nyasi, na Hakorimana alimgonga Eugène begani, juu ya ile ngata ambayo alikuwa amesahau kuitoa, na Eugène akalia mbele yao wote bila aibu.

Baada ya siku nne, mama na mtoto wakiwa wazima kitandani, alitoka kwenda kutafuta sabuni. Alitembea kwa miguu iliyotanuka, taratibu, akishika kuta. Kahambu alimwona kutoka dukani kwake, akaacha mteja kwenye mizani, akaja mpaka mlangoni.

"Papa wa Nyamwero," alisema, "ulienda kununua kwa mwingine. Umeanguka na piki ya nani?"

"Sikuanguka, Mama," alisema Eugène. "Nilikaa nyuma." Kisha akaomba sabuni, vipande viwili, na kigoda.